Shangazi, nesi kaniambia nisivuke mkoa kwenda kujifungua

Shikamoo Shangazi. Naomba usitaje jina langu wala la kijiji maana huku tunajuana wote. Mi mwanamke wa miaka 26, nimeolewa, naishi mkoa wa Lindi lakini kijiji chetu kiko mpakani kabisa, ukivuka mto tu uko Mtwara na huko ndo kwetu nilikozaliwa. Kwa mama ni chini ya lisaa limoja kwa bodaboda kama ni kiangazi. Hospitali ya wilaya yetu ya huku ni mbali, gari ni moja inapita alfajiri, ikikuacha imekuacha.

Nina mtoto mmoja wa miaka mitatu, nilimpata kwa kisu. Uchungu ulinianza usiku, mama mkwe akasema tusubiri kukuche maana mimba ya kwanza uchungu wake huwa mrefu, kukakucha, jua likapanda, mchana ndo tukaenda zahanati. Nesi akanipima akasema njia haifunguki akaandika rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Usafiri hakuna. Mume wangu akasema bora tuvuke tu ng'ambo maana ndo karibu, tukapakiana kwenye bodaboda mimi katikati dada yangu nyuma ananishikilia. Kufika hospitali moja ya serikali (siitaji) dada wa mapokezi kaisoma ile barua akasema hii haijaandikwa kuja hapa, nyie mna mkoa wenu na hospitali zenu, kwa nini mnakuja kutujazia wodi, subirini hapo. Shangazi, nilikaa kwenye benchi kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku, nimeng'ata kanga mpaka imetoboka. Daktari wa zamu ya usiku ndo aliponiona akauliza huyu anafanya nini hapa nje, nikakimbizwa kupasuliwa. Mtoto alitoka hajalia, alikaa na oksijeni siku sita. Sasa hivi mzima anakimbia lakini ile siku sijaisahau.

Sasa nina mimba ya wiki 29, matarajio ni mwisho wa Januari. Nesi wa zahanati yetu kasema we una kovu huwezi kuzalia hapa utaenda hospitali ya wilaya, hilo nimekubali ila nikamwambia nataka nikajifungulie upande wa mama. Akabadilika. Akasema huwezi kuhama mkoa, ukienda huko usiniletee tena hiyo kadi. Mume wangu naye hataki, anasema kule walitudhalilisha, na pia mtoto wake asije akaandikwa mtu wa Mtwara wakati baba yake wa Lindi. Mama mkwe ndo kabisa, anasema kuna bibi hapa kijijini anazalisha vizuri na eti kuna mtu kapasuliwa wa kwanza, wa pili kazaa chumbani kwake salama. Mjomba wangu alivosikia akasema atakuja kunichukua hata kesho, kama hawataki ataongea nao kiukoo. Naogopa yakitokea maneno ndoa itayumba.

Mi mwenyewe nimewaza hivi, nisibishane na mtu, nikae kimya mpaka uchungu uanze alafu nivuke usiku moja kwa moja. Hapo si watalazimika kunipokea? Nisaidie Shangazi, silali.

Mama wa mpakani, Lindi

* * *

Marahaba mwanangu. Barua yako nilikuwa niiweke ya wiki ijayo ila nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho, ya kunyamaza mpaka uchungu uanze, nikaacha zingine zote nikakujibu wewe. Usifanye hivo. Nakuomba kabisa. Kwa mwanamke mwenye kovu kwenye kizazi kusubiri uchungu ukiwa kijijini ndo hatari yenyewe, mana uchungu unapovuta lile kovu linaweza kuachia, na kovu likiachia damu inamwagika ndani ya tumbo we huioni, mama anaanza kuishiwa nguvu na mtoto anakosa hewa, na hapo muda unaohesabiwa ni wa dakika. Alafu Januari huku kusini mvua ziko katikati, huo mto unaosema unavuka kwa lisaa limoja ni wa Agosti, usiufananishe na wa Januari usiku.

Na hata ukifika, kulazimika kukupokea watalazimika, dharura haina mkoa na hakuna mhudumu mwenye haki ya kumwacha mwanamke mwenye uchungu kwenye benchi kwa sababu ya barua imeandikwa kwenda wapi. Uliyotendewa yalikuwa kosa, nalisema wazi bila kupindisha. Lakini mtu anayefika saa nane usiku, hawana faili lake, hawajui kovu lake likoje, hawajui grupu lake la damu, wanaanza naye moja. We unataka ufike pale wanakujua.

Wakunga wana msemo kwamba mama anachelewa mara tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Soma barua yako tena. Ile mara ya kwanza yalikupata yote matatu, mkwe akasema kukuche kwanza, gari hamna, alafu benchi. We umebaki unalikumbuka benchi peke yake kwa sababu ndo lilikuuma, lakini ulipofika kwenye benchi ulikuwa tayari umepoteza usiku mzima na mchana wake. Kwaiyo mwaka huu tunayaziba yote matatu, na tunayaziba sasa hivi mwezi wa kumi na moja, sio Januari.

Nianze na hili la mkoa maana naona limewabana wote. Mwanangu, huo mpaka ni wa utawala. Lindi ilimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, kabla ya hapo bibi zako wa upande huu na wa ule walikuwa mkoa mmoja wakizaa popote penye mkunga. Na mpaka leo serikali yenyewe inawavusha wanawake wa Lindi: ngazi yetu inaanza zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, alafu hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo kwa Lindi ni Sokoine na kwa Mtwara ni Ligula, na ikishindikana hapo inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ambayo iko Mtwara na imejengwa kwa ajili ya mikoa yote ya kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma. Kwaiyo mtu akikwambia mjamzito wa Lindi hatibiwi Mtwara anakuwa amesahau ngazi ya juu ya nyumba yake mwenyewe. Angalia pia barabara zenyewe. Mtu wa Nachingwea anafika Masasi muda mrefu kabla hajafika Lindi mjini, na wa Tunduru mkoa wa Ruvuma akitaka kwenda Songea na akitaka kuja Masasi anapima kwanza wapi atawahi. Watu wanafuata barabara na wanafuata mama zao. Kwetu binti kwenda kujifungulia kwao ni jambo la zamani kuliko hizo hospitali.

Sasa mbona wahudumu wananuna? Nikueleze maana ukielewa utaongea nao vizuri. Dawa, glavu, nyuzi, vitanda, hata idadi ya manesi vinapangwa kwa kuangalia watu wa eneo lile. Gari la wagonjwa na mafuta yake ni ya halmashauri. Hospitali ya mpakani ikipokea wa kwake na wa jirani inaishiwa vitu mapema na lawama zinabaki kwa yule dada wa mapokezi ambaye hakupanga yeye. Na nesi wako wa kijijini naye ana upande wake, ana rejista ya wajawazito anaowafuatilia, ukipotea wewe ataulizwa yule wa kovu yuko wapi, kazalia wapi, yu hai? Mimi naona hasira yake imechanganyika na woga. Haimpi ruhusa ya kukwambia usirudi na kadi, hilo hapana, kadi ni yako na kliniki ni haki yako popote. Ila usimfanye adui, maana yeye ndo atakayekuandikia karatasi unayoihitaji.

Rudi kwake kwa upole, nenda na mume wako kama atakubali. Mwambie, nesi, mimi na wewe tumekubaliana kwamba siwezi kuzalia hapa, naomba uniandikie rufaa sasa hivi nikiwa mzima, uandike sababu kuwa nina kovu la upasuaji, nikaonane na daktari mapema. Rufaa ya kovu hata uchungu haisubiri, ni jambo la kupangwa. Akikuandikia kwenda hospitali ya wilaya, nenda. Ndio, panda hilo gari la alfajiri mara moja, uonane na daktari pale, umweleze kwamba mama yako yuko ng'ambo, ndo mwenye kukuuguza, na ni karibu zaidi, umwombe akuandikie barua ya kukupeleka hospitali ya upande ule. Barua ya daktari kwenda kwa daktari mwenzie haina mtu wa kuikunja pale mapokezi. Nesi akigoma kabisa kuandika, muulizieni mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri, kila halmashauri anaye na anakaa ofisi ya mganga mkuu, hiyo ndo kazi yake. Na hata hilo likikwama, kadi yako peke yake inatosha kukufungulia kliniki ya huko kwa mama, wajawazito wanahama kila siku, wengine waume zao ni askari, wengine walimu, wanaenda na kadi wanaendelea pale walipoachia.

Muhimu ni ile siku utakayofika pale. Nenda mchana, siku ya kliniki, wiki hizi hizi kabla ya Desemba haijaisha. Uwe na kadi iliyojazwa vipimo vyote, damu ni kiasi gani, grupu gani, presha, mkojo, kaswende, virusi, na kama kuna kisichojazwa waambie wakupime hapohapo. Alafu kuna karatasi moja ambayo wengi hatuidai: ile ya ruhusa ya mara ya kwanza uliyopewa wakati unatoka wodini, iliyoandikwa ulipasuliwa kwa nini na vipi. Itafute kwenye begi la mtoto, chini ya godoro, popote. Kama haipo, nenda kaiombe kwa waliokupasua, najua hutaki kukanyaga pale lakini faili lako liko kwao. Nakusisitizia hivi kwa sababu kovu unaloliona kwenye ngozi halimwambii daktari kizazi kilichanwaje ndani, unaweza ukawa na mstari mzuri wa chini kwenye ngozi na ndani wakawa wamechana kwa wima, na aliyechanwa kwa wima ndani haruhusiwi kabisa kusukuma uchungu. Omba pia upigwe altrasaundi waangalie kondo la nyuma limekaa wapi, maana likikaa juu ya kovu linaweza kung'ang'ania na kuleta damu nyingi, na mtu wa hivo wanampeleka ngazi ya juu mapema. Ukishaonana na daktari yeye ndo atasema kama utajaribu njia ya kawaida, na iwe palepale penye chumba cha upasuaji na damu, au utapangiwa tarehe. Usikubali kuondoka bila kuambiwa tarehe ya kurudi.

Ikifika wiki ya 36, hamia kwa mama. Hiyo kwa hesabu yako ni mwanzoni mwa Januari, mwaka mpya ukishaliwa tu unaondoka, na kama mvua zimewahi ondoka hata Krismasi. Kama kwa mama nako ni mbali na hospitali uliza pale kliniki kama wana nyumba ya mama ngojea, ile wanayokaa wajawazito wa mbali kusubiri siku zao.

Njiani je? Shika namba 115, ni bure, ni ya mfumo wa m-mama ambao Rais Samia aliuzindua mwaka 2022 kwa ajili ya mjamzito, aliyejifungua na kichanga wakipata dharura. Anayepokea anauliza dalili alafu anatafuta gari la wagonjwa, na kama hakuna la karibu anampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa na analipwa na mfumo, wewe hutoi nauli. Iandike ukutani kwako na kwa mama. Ipigwe, na safari ianze muda huohuo bila kusubiri kukuche, ukiona damu hata kidogo, maji yakitoka, kichwa kinauma kisichotulia au unaona maruweruwe, umevimba uso na mikono, mtoto kapunguza kucheza, au maumivu pale kwenye kovu. Hayo mfundishe na mume wako, ayajue kwa kichwa.

Hela. Huduma ya mjamzito kwenye vituo vya serikali sera inasema bure, lakini we na mimi tunajua unaweza kuambiwa dawa fulani imeisha kanunue, kwaiyo usiende mikono mitupu. Minada ya korosho ndo inaendelea sasa, malipo yakiingia kabla hayajaenda kwenye bati au pikipiki mtoe fungu la safari, vifaa, chakula cha anayekuuguza, na mlikabidhi kwa mtu mmoja. Ndugu wawili watatu wa upande wa mama wakubaliane kabisa kuchangia damu. Ukikwama hela ukiwa wodini uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Na ikitokea tena mtu akakuweka benchini, huyo anayekusindikiza asikae na wewe kulia, ainuke amtafute mganga mfawidhi au muuguzi mkuu wa zamu amwambie tu, huyu ana kovu na ana uchungu. Maneno hayo mawili pamoja, kila mkunga anajua maana yake.

Sasa nyumbani. Mume wako simwoni mbaya, ana jeraha la ile siku kama wewe, mwanaume kukaa masaa matano anamwangalia mkewe kwenye benchi hana la kufanya sio jambo dogo. Mpe simu asome hapa: baba, mtoto hawi mtu wa mkoa kwa sababu ya wodi aliyozaliwa. Atasajiliwa alipozaliwa, jina la baba litaandikwa la kwako, watoto wa chini ya miaka 5 wanasajiliwa na kupewa cheti bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, chanjo ya kwanza atachomwa kulekule na zinazofuata utamleta hapohapo kijijini kwako kwa kadi yake. Ukitaka kulinda heshima yako, nenda naye hiyo siku ya kwanza mchana, ukajulikane kwa jina na daktari. Mjomba naye aje, lakini asije kumchukua mtu. Aje akae na mume wako mkekani, waongee usafiri na nani ataitwa saa ngapi, akija kwa ubabe we ndo utakayebaki katikati.

Na yule bibi mzalishaji, namheshimu, wengine wetu tulipita mikononi mwao. Ila kovu sio kazi yake, na huyo anayesemwa kazaa chumbani kwake salama, mwambie mama mkwe taratibu kwamba wale ambao haikuwa salama hawapo kusimulia. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha wanawake 556 wanakufa kwa uzazi kwenye kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukaonyesha 104. Wamepona hao kwa kuwahishwa hospitali, na bado 104 ni mama za watu.

Mama mkwe msimwache nje lakini, maneno mengine yanatoka kwa sababu anaona anapokonywa mjukuu. Mwombeni yeye ndo abaki na huyu wa miaka mitatu wakati uko ng'ambo, hamna mwingine mtakayemwamini zaidi. Mwambieni mapema pia kwamba kama umepasuliwa usikandwe tumbo kwa maji ya moto, kidonda hakitaki, asije akaona mama yako hakuuguzi vizuri. Utarudi kuangaliwa siku ya 7, ya 28 na ya 42, na ile siku ya 7 akitaka kuja kumwona mtoto kwa mama yako, nauli yake ya kwenda na kurudi iwekeni pembeni kwenye hizohizo hela za korosho.